KIFUNGO CHA MDOMO WA GUNIA
Namna ya kukitengeneza kifae kutumika tena na tena



Katika mkutano wa kufunga msimu mliuliza swali moja, nasi tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu. Swali lenyewe ni hili: vile vifungo vya plastiki vilivyonunuliwa kwa fedha za chama, vimetufaa au vimetutia khasara? Jibu ni kwamba vimetutia khasara, na kosa ni letu sisi wa ofisini. Si la aliyetuuzia, wala si la mwanachama aliyevitumia. Twaandika leo kueleza kosa lilikuwa wapi, na kifungo kinachofaa yapasa kiwe cha namna gani, ili fedha zenu zisipotee mara ya pili.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tulinunua vifungo vyeupe, vile mafundi wa umeme wanavyofungia nyaya. Bei yake ilikuwa nafuu, na kufunga kwake ni rahisi kuliko kamba: waukusanya mdomo wa gunia, wapitisha mkia katika tundu, wavuta, basi. Hata mtoto aweza. Lakini kifungo kile kikishafungwa hakifunguki. Kila aliyetaka kufungua gunia lake, ama kuzirudisha karafuu juani, ama kuongeza za siku ya pili, alikikata kwa kisu. Mkia ukaanguka huku na kichwa kikaanguka kule, na vipande vikaingia ndani ya karafuu. Tulipofika kituo cha kununulia, magunia kadhaa ya wanachama wetu yaliwekwa kando mpaka yachambuliwe upya. Mama mmoja mwenye mikarafuu michache alikaa kituoni tangu asubuhi hadi magharibi, amemwaga gunia zima juu ya jamvi, anatafuta vipande vya plastiki kimoja kimoja. Vipande vile tulimpa sisi. Kwa hivyo yatupasa tulieleze jambo hili vyema.

KIFUNGO KILE CHAFANYAJE KAZI

Kitazameni kwa karibu. Kina sehemu tatu: mkanda, kichwa na ulimi. Mkanda una meno madogo madogo upande mmoja, mfano wa meno ya msumeno. Kila jino lina upande ulioinama na upande uliosimama wima. Kichwa ni kijisanduku chenye tundu la kupitisha mkanda. Na ndani ya tundu hilo mna ulimi mdogo wa plastiki wenye jino lake.

Mkanda unapoingia, ulimi huparaza juu ya ule upande ulioinama, hujikunja kidogo, kisha hurudi mahali pake. Hiyo ndiyo ile sauti ya tri-tri-tri mnayoisikia. Lakini mkanda ukivutwa kurudi nyuma, jino la ulimi hukutana na upande uliosimama wima, nalo haliwezi kuupanda. Kila unavyozidi kuvuta, ndivyo ulimi unavyozidi kubana. Ni kama mlango ufungukao kwa nje tu: aliye nje hata akiusukuma kwa nguvu zake zote, ndipo anapozidi kuufunga.

Basi kifungo kile hakina ila katika kazi kilichofanyiwa. Na kazi hiyo yafaa tuijue, maana ndani yake mna somo.

KILIKOTOKA

Zamani nyaya za ndani ya ndege za abiria zilikuwa zikifungwa kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta. Ndege moja ina maelfu ya nyaya, na kila penye fungo palihitaji kukazwa kwa vidole. Mwaka 1956, mtu mmoja aitwaye Maurus C. Logan, mfanyakazi wa kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani, alizuru kiwanda cha ndege cha Boeing akaona jinsi uzi ule ulivyoichanja mikono ya wafanyakazi. Akaanza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1958 kifungo chake kilipelekwa kuandikishwa hataza, kikaitwa Ty-Rap. Hapo mwanzo ulimi wake ulikuwa wa chuma. Baadaye kifungo kizima kikawa cha nailoni, mkanda, kichwa na ulimi vyote vikatoka katika kalibu moja.

Aliyewahi kushona magunia ishirini kwa shazia na uzi wa katani katika jioni moja, ataifahamu khabari hiyo ya vidole bila kuelezwa zaidi. Lakini angalieni tofauti. Waya wa ndege ukifungwa hautakiwi kufunguliwa miaka na miaka. Gunia la karafuu nyumbani hufunguliwa leo, kesho na kesho kutwa. Sisi tulichukua kifungo cha kitu kisichofunguliwa, tukafungia kitu kinachofunguliwa kila siku. Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

KUFUNGUA NDIKO KWENYE KAZI

Kwa hivyo anayetaka kutengeneza kifungo cha kutumika tena asianze kufikiri namna ya kukifunga. Kufunga ni kwepesi. Aanze na namna ya kukifungua.

Njia iliyo maarufu ni kuurefusha ule ulimi utokeze nje ya kichwa, upate kikono kidogo. Ukikibonyeza kikono hicho kwa kidole gumba, ulimi huinuka, jino hutoka katika meno ya mkanda, na mkanda hurudi bila kukatwa. Jambo ni dogo kulitaja, lakini huleta mashaka matatu ambayo mtengenezaji hana budi kuyatatua.

La kwanza ni uzito wa kubonyeza. Ulimi ukiwa mnene, kidole hakiuinui, na mwenye gunia atarudi kwenye kisu chake. Ukiwa mwembamba mno, gunia likigongwa ulimi hujiinua wenyewe na mdomo hufunguka. Basi kikono kisitokeze sana hata kikakwaruzwa na gunia la pili, wala kisijifiche hata mzee mwenye vidole vikavu asikipate.

La pili ni shina la ulimi, pale unapoungana na kichwa. Hapo ndipo unapojikunja kila mara, na hapo ndipo unapokatika. Kona kali ndiyo mwanzo wa ufa, kama vile kitambaa kinavyochanika kwa urahisi kikishatiwa mkato mdogo. Kwa hivyo shina lisiwe na kona kali, bali liviringwe taratibu. Kama mna vifungo viwili vya sura moja mkononi, tazameni hapo kwanza.

La tatu ni meno. Kifungo cha kutumika mara moja kinaweza kuwa na meno madogo makali. Cha kutumika mara nyingi meno yake husagika kila yanapopita, khasa yakiingia mchanga na vumbi la uwanja. Yafaa yawe makubwa kidogo na yenye mapengo ya kutosha vumbi kuanguka. Tena kingo za mkanda ziwe laini, maana ukingo mkali hukata nyuzi za gunia la juti, na gunia nalo lina thamani yake.

UREFU NA NGUVU

Wanachama wengi wameuliza: kiwe kirefu kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Kusanya mdomo wa gunia mkononi, upime unene wake. Tuseme ni sentimita 6. Zidisha kwa 3.14 upate mzunguko, nao ni karibu sentimita 19. Ongeza sentimita 8 za kupita katika kichwa na za kushika wakati wa kuvuta, jumla ni sentimita 27. Vifungo vya sentimita 30 vinapatikana madukani, navyo vyatosha. Lakini jamvi lililokunjwa lenye unene wa sentimita 25 lina mzunguko wa karibu sentimita 79, na kifungo cha gunia hakitalifikia hata kidogo. Kwa majamvi, kamba ya makumbi ingali bora.

Ama nguvu, hutokana zaidi na upana wa mkanda. Kwa vifungo vya nailoni vya kawaida, vya upana wa milimita 2.5 huhesabiwa kustahimili mvuto wa kilo 8. Vya milimita 4.8 kilo 22 hivi. Na vya milimita 7.6 kilo 54 hivi. Hivyo ni vile visivyofunguka. Chenye kikono huwa dhaifu kidogo, kwa sababu ulimi wake umelegezwa makusudi. Kwa mdomo wa gunia, milimita 7.6 yafaa, nayo pia haiumizi vidole kama ile myembamba. Lakini tafadhalini, msibebe gunia kwa kushika kifungo. Kimefanywa kibane mdomo, hakikufanywa kiwe mpini.

PLASTIKI GANI, NA RANGI GANI

Nailoni ni plastiki ngumu na yenye kustahimili mikunjo. Hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo huizidishia ulaini. Ikikauka mno huwa nyepesi kuvunjika. Kwa hewa ya kisiwani kwetu hilo si tatizo kubwa. Adui wake hapa ni jua. Nailoni nyeupe ikiachwa juani muda mrefu hupauka na kukatika kwa mkunjo mmoja. Ndiyo sababu vifungo vya kazi za nje huwa vyeusi: vimetiwa unga wa masizi, nao huizuia miale ya jua isipenye ndani.

Je, tununue vyeusi? Hapa tulifikiri sana. Kipande cheusi kikianguka ndani ya karafuu hakionekani, kwa kuwa karafuu kavu nazo ni za rangi ya kahawia iliyoiva. Twakumbuka yule mama kituoni. Viwanda vya vyakula vimeliona jambo hili zamani, vikachagua rangi ya buluu kwa vifaa vyao vya plastiki, kwa sababu ni nadra kupata chakula cha rangi hiyo. Vipo hata vifungo vya buluu vilivyotiwa unga wa chuma ndani, ili kipande kikipotea mashine ya kutafutia chuma ikigundue. Sisi hatuna mashine, lakini tuna macho. Kwa hivyo shauri letu ni buluu, na vifungo vihifadhiwe kivulini visipotumika. Gunia lililokwisha jazwa halina kazi juani.

Lipo jambo la pili lihusulo karafuu peke yake. Karafuu kavu njema ina mafuta sehemu 15 hadi 20 katika 100, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Eujenoli ni katika ukoo wa fenoli, na fenoli ni miongoni mwa vitu vichache viwezavyo kuyeyusha nailoni. Hatusemi kwamba harufu ya karafuu itayeyusha kifungo chenu. Twasema tu kwamba kifungo kilichofaa kwa mchele au sukari kisichukuliwe kuwa kimefaa kwa karafuu mpaka kijaribiwe. Jaribio lenyewe mwaweza kulifanya nyumbani. Tia kifungo kimoja katika chupa ya mafuta ya karafuu, na cha pili katika maji matupu, uviache juma moja. Kisha vitoe, uvipanguse, ukunje vyote viwili. Kikiwa cha mafuta kimevimba, kimelainika au kimenata, basi plastiki hiyo haitufai, hata iuzwe bei gani.

Tena msikubali vifungo vilivyotengenezwa kwa plastiki iliyokusanywa isiyojulikana asili yake. Karafuu huingia katika vyungu vya watu na katika madawa yao.

VIFUNGO VYA NAMNA NYINGINE

Wapo waliotuletea mashauri mengine, nasi tumeyatazama yote.

Kuna kile kibanio bapa cha mfuko wa mkate, chenye tundu katikati. Kilibuniwa mwaka 1952 na Floyd Paxton wa Marekani kwa ajili ya kufungia mifuko ya matofaa. Ni kizuri kwa mfuko mwembamba, lakini mdomo wa gunia haukiingii.

Kuna utepe wa kunata, wenye vikulabu upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Aliyeubuni ni George de Mestral wa Uswisi, baada ya kuzitazama mbegu zilizomganda mbwa wake. Nasi tunazijua mbegu za kishona nguo zinavyoganda katika kanzu. Utepe huo hufunguka mara nyingi sana, na kwa nyaya za nyumbani ni bora. Lakini vikulabu hujaa nyuzi za gunia na makonyo, na baada ya siku chache hunata kidogo tu.

Na kuna mkanda wa mpira wenye matundu na kifungo kama cha shati. Huo hufaa kwa miche, na kwa sababu njema: mche hukua. Kifungo kisichofunguka kikisahauliwa katika mche uliofungwa kwenye mti wa kuushikiza, huunyonga. Mkanda wa mpira huweza kulegezwa kila baada ya muda. Atakayefungia miche kwa kifungo chochote basi aupitie kila mwezi.

KAZI AMBAYO SI YAKE

Kifungo cha kufunguka kina uzuri wake na kina mpaka wake, na mpaka huo lazima usemwe. Kwanza, kwa kuwa wewe waweza kukifungua bila kuacha alama, na mwingine pia aweza. Gunia linaposafiri mbali nawe, usilitegemeze kwa kifungo hicho. Mdomo ulioshonwa kwa shazia ukifumuliwa huonekana. Nyumbani na ghalani tumia kifungo, njiani shona.

Pili, kifungo hakikaushi karafuu. Zikifungwa kabla hazijakauka huvunda, hupauka, na bei huanguka, hata kifungo kiwe cha dhahabu. Zianikeni mpaka kikonyo kivunjike kwa sauti kavu, ndipo mfunge. Wala msizitie katika mfuko wa plastiki kwa kuwa eti mmepata kifungo cha plastiki. Gunia la juti hupumua, mfuko haupumui.

Tatu, kifungo kilichovunjika kisitupwe shambani. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi hatuna haja ya kuleta mahali pake takataka nyingine zenye meno.

TUTAFANYA NINI

Baadhi yenu mmesema chama kitengeneze kalibu yake chenyewe. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno, na gharama yake hurudi tu ikiwa vifungo vitatengenezwa kwa maelfu mengi. Wakati wake haujafika. Na mwenye kuanza kwa kalibu kabla ya kujua anachotaka, huja akapata maelfu ya makosa ya sura moja.

Shauri letu ni hili. Tutanunua vifungo vichache vya buluu vyenye kikono, vya namna mbili au tatu, na kuvigawa kwa wanachama watakaojitolea kuvijaribu. Kila mmoja atafunga na kufungua kifungo chake mara 50 na kuandika kilipoharibika: katika ulimi, meno, au mkanda. Wenye vidole vikavu na wenye macho mazito tunawaomba khasa wajitolee, kwa sababu kifungo wanachoweza wao, kila mtu atakiweza.

Kisha tutapiga hesabu mbele yenu. Tuchukue mfano: kifungo cha kufunguka bei yake mara nne ya kile cha kukatwa. Kikitumika mara nne, bei zimelingana. Kuanzia mara ya tano ni faida. Kikivunjika katika mara ya tatu, ni khasara, na tutasema hivyo bila kuficha. Na kama vyote vitashindwa, kamba ya makumbi ingali pale pale, iliyosokotwa hapa hapa kisiwani, nayo hufunguka kwa anayejua kuifunga fundo la tanzi. Hatutaona haya kuirudia.

Yule mama wa kituoni tumemwomba awe wa kwanza kuchagua. Amekubali, ila ametuwekea sharti: safari hii akikuta kipande katika gunia lake, atakayekaa juu ya jamvi kuchambua hadi magharibi ni Katibu. Sharti hilo tumelikubali, na tumeliandika katika daftari la chama.

Wanaotaka kujaribu waje ofisini waandikishe majina yao kabla ya mkutano ujao. Insha-Allah tutaonana kwa kheri.

Katibu wa Chama